Maneno ya Kujazia Ukurasa

Siku ya kwanza aliyofika kazini kwetu, kabla hata hajaonyeshwa meza yake, alisahihisha tangazo la chooni. Lilikuwa limeandikwa "Tafadhari funga maji". Alitoa kalamu mkobani, akaikata ile r, akaandika l juu yake, akaweka nukta mwishoni, kisha akatoka akauliza atakaa wapi. Kuanzia hapo tukamwita Nukta. Hakukataa wala hakucheka.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi miaka ishirini na sita kama msahihishaji wa gazeti. Kila ukurasa ulipita machoni mwake kabla ya kwenda kupigwa chapa: hotuba, matokeo ya mpira, tanzia, watu waliopotea. Gazeti lilipofungwa, wenzake wa rika lake walienda kupumzika. Yeye hakuwa na pa kupumzikia. Aliishi na dada yake mkubwa, fundi wa kushona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili waliyoachiwa na mama yao, na dada huyo alikuwa anapoteza macho mwaka hadi mwaka, kama taa inayopungua mafuta.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Tulitengeneza tovuti za wafanyabiashara wadogo: wauza matangi, mafundi wa milango, shule za udereva. Bosi alitafuta wateja. Mimi niliandika msimbo, yaani yale maagizo ya kompyuta ambayo msomaji hayaoni lakini ndiyo yanayoushikilia ukurasa, kama misumari ndani ya kiti. Na Nukta aliajiriwa kuandika maneno.

Niseme vizuri ni maneno ya namna gani. Bosi alikuwa na programu ya kupimia kurasa. Unaipa ukurasa, inapima uzito wa maneno yanayosomeka, inalinganisha na uzito wa ukurasa mzima pamoja na msimbo wake, kisha inatoa asilimia. Chini ya kumi, namba inakuwa nyekundu. Kuanzia kumi inakuwa ya njano. Ikifika ishirini na tano, kijani. Bosi aliamini kabisa kwamba mtambo wa kutafutia, ule ambao watu huandika shida zao na kupewa orodha ya kurasa, huzipandisha juu kurasa za kijani na kuzizamisha nyekundu. Hakuwa tapeli. Alifundishwa hivyo kwenye semina, na programu yenyewe ilimwambia hivyo kila alipoifungua.

Kazi ya Nukta ilikuwa kuzitoa namba kwenye wekundu na kuzifikisha kwenye kijani. Basi.

Aliketi dirishani, mgongo umeinama kidogo, miwani ikiwa imeshuka hadi ncha ya pua, akaandika. "Mlango ni sehemu muhimu ya nyumba yoyote." "Maji ni uhai, na uhai huhitaji tangi imara." "Udereva bora huanza na mafunzo bora." Akimaliza aya anatazama namba. Kumi na nne. Anaandika aya nyingine. Kumi na saba. Kufikia saa nane mchana sauti ya vidole vyake ilikuwa imepungua kasi, na saa kumi unaona amekaa tu, mikono juu ya meza, akingoja sentensi ya kumi na tisa kuhusu milango imjie kutoka popote itakapotoka.

Siku moja nilimuuliza kama kazi imemchosha.

"Gazetini walinilipa kwa kuondoa maneno," alisema. "Mwandishi analeta mistari sitini, nafasi ni ya arobaini. Ninakata. Sasa wananilipa kwa kuongeza. Ni kama mtu aliyefagia uwanja maisha yake yote, halafu uzeeni wanampa kikapu cha majani, wanamwambia, mwaga."

Nilicheka. Yeye alirudi kwenye milango yake.

Mimi nilijua. Sitaki kulificha hilo, kwa sababu ndilo linalonifanya nisimulie. Nilijua tangu mwanzo kwamba mtambo wa kutafutia hauhesabu asilimia hiyo. Wenye kuutengeneza wamesema hivyo mara nyingi, na fundi yeyote wa msimbo anayesoma kidogo anafahamu. Ukurasa wenye msimbo mzito unaweza kufunguka polepole, hilo ni kweli na linaudhi watu. Lakini uwiano wenyewe, maneno kwa msimbo, hakuna anayeupangia cheo. Kuna ukurasa mmoja niliwahi kuupeleka kwenye kijani kwa kufuta tu nafasi tupu zilizokuwa kwenye msimbo. Hakuna neno lililoongezeka, hakuna msomaji aliyefaidika, na Bosi alinipongeza. Nilinyamaza. Nilikuwa na kazi yangu, na kila mtu na mzigo wake. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Kisha akaja fundi wa cherehani.

Alikuwa mzee wa karibu miaka sabini, shati limenyooka, kucha zina weusi wa mafuta usiotoka kwa sabuni. Alipanda ngazi zote zile taratibu, akakaa, akangoja pumzi irudi ndipo akasalimia. Alikuwa mteja wetu wa siku nyingi. Alisema kwamba zamani watu asiowajua walikuwa wakimpigia simu: nimekuona mtandaoni, cherehani yangu inakata uzi. Siku hizi simu imenyamaza. Alipojitafuta mwenyewe kwa simu yake, aliona mafundi wengine, aliona wauzaji wa cherehani mpya, hakujiona.

"Labda nimepitwa," alisema. "Lakini nikaona niulize kwanza."

Bosi aliuingiza ukurasa wake kwenye programu. Ikatoka tisa. Nyekundu.

"Hili hapa tatizo, Mzee," Bosi akamwonyesha. "Ukurasa wako hauna maneno ya kutosha. Tutakuongezea."

Mzee aliitazama ile namba kama mtu anayeonyeshwa picha ya mapafu yake. Aliridhika. Mtu akishapewa jina la ugonjwa anatulia, hata kama si ugonjwa wake. Nasi tukaridhika pia. Namba ilikuwa imetujibu, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kuuliza zaidi.

Nukta alianza kuandika kuhusu cherehani. Mwezi wa kwanza aliifikisha kumi na nane. Mzee akapiga simu: bado. Mwezi wa pili ikafika ishirini na sita, kijani safi. Mzee akapiga: bado. Bosi akasema basi iende thelathini na tano. Nukta akaandika historia ya vazi, umuhimu wa sindano, cherehani na maendeleo ya familia, cherehani na vijana, cherehani na mazingira. Mwezi wa nne Mzee hakupiga simu, alikuja tena mwenyewe, akasimama mlangoni bila kukaa, akauliza kwa upole kama kuna jambo lolote yeye anaweza kusaidia. Bosi alimwambia awe na subira. Nukta hakuinua macho kutoka kwenye mashine yake.

Yaliyofuata yalitokea nyumbani kwake, siku ya Jumamosi asubuhi. Mimi sikuwepo, alinisimulia mwenyewe, na alisimulia mara moja tu.

Cherehani ya dada yake ilikuwa imeharibika. Dada alikuwa haoni tena tundu la sindano, lakini bado alishona foronya kwa kupapasa, mishono iliyonyooka kuliko ya watu wenye macho. Ilikuwa kazi yake na ndiyo iliyomtoa kitandani asubuhi. Sasa uzi wa chini ulikuwa unajikunja, sindano inagonga chuma. Jirani mmoja, aliyewahi kutengenezewa yake, akamtumia kwenye simu anwani ya ukurasa wa fundi mmoja mzuri.

Dada aliifungua. Alitumia simu kwa sauti: anagusa, na simu inamsomea kilichoandikwa, kuanzia juu kwenda chini. Nukta alikuwa uani anafua, mlango wa jikoni uko wazi. Sauti ya simu ikaanza, kavu, haina kituo:

"Tangu enzi za kale binadamu amehitaji mavazi ili kujisitiri na kujikinga. Cherehani ni chombo muhimu sana katika maisha ya kila siku ya mwanadamu wa leo."

Alisema kwamba hakuyatambua maneno hayo mara moja. Aliona tu aibu fulani kifuani, kama unaposikia mtu anasengenywa kabla ya kujua ni nani. Kwenye sentensi ya tatu ndipo akaelewa. Akaendelea kufikicha shati lile lile.

"Mavazi hutofautiana kulingana na hali ya hewa," simu ikasema, "shughuli, na umri wa mvaaji."

"Huyu fundi," dada akasema kutoka jikoni, "amesomea nini?"

Nukta akalisuuza shati, akalirudisha kwenye povu.

"Nataka kujua kama anakuja nyumbani. Hii mashine siwezi kuibeba." Akangoja. Simu ikaingia kwenye umuhimu wa sindano. "Bado tuko kwa mababu. Ngoja, labda akifika kwa babu yangu mimi atanikumbuka."

Dada alikuwa mtu wa masihara, na kwa kawaida Nukta angecheka. Simu ilisoma kwa dakika sita, saba. Dada alijaribu kuruka, akagusa vibaya, ikarudi mwanzoni, tangu enzi za kale. Akasikiliza tena kwa uvumilivu wa mtu asiye na njia nyingine. Ilipofika kwenye cherehani na mazingira, akaizima.

"Debe tupu," alisema. "Namba ya simu tu ilinitosha."

Nukta alisimama mlangoni, mikono ina povu, akaitaja namba. Yote, kwa kichwa, bila kusita.

Dada aligeuza uso upande sauti ilikotoka.

"Umeijuaje?"

"Nimeiandika mara nyingi."

Hapo dada akaelewa. Alikuwa anajua kwamba mdogo wake anaandika mambo ya mtandaoni, hakujua ni mambo gani. Nukta alingoja mzaha, na alisema kwamba mzaha angeuweza. Lakini dada alisema neno moja.

"Pole."

Jumatatu yake Nukta alifika kazini mapema kuliko kawaida. Bosi alikuwa nje kwa wateja. Alivuta kiti akakaa karibu na meza yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mdogo wangu, nataka kukuuliza kitu, na unijibu kama unavyomjibu mtu mzima. Hii asilimia. Mtambo wa kutafutia unaihesabu?"

Nilijifanya natafuta kitu kwenye skrini.

"Hauihesabu," nikasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, dada. Unaangalia mambo mengi, kama ukurasa unajibu kile mtu anachouliza, kama unafunguka haraka, kama wengine wanautaja. Hilo halimo."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kabla hujaja."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa tena. Nilitamani anitukane. Alionekana amechoka tu, kama mtu aliyeambiwa kwamba basi alilolingoja kituoni tangu asubuhi halipiti njia hiyo.

"Basi ukurasa wa Mzee umepotelea wapi?"

"Sijui."

"Umewahi kuutazama?"

"Maneno?"

"Huko kwako. Ndani."

"Sijautazama."

"Utazame."

Aliondoka akaenda kuchemsha chai. Niliufungua msimbo wa ukurasa ule, na haikuchukua hata dakika tano. Tatizo lilikuwa juu kabisa, kwenye kichwa cha ukurasa, mahali ambapo kila fundi huanzia kutazama kama kweli anatazama. Mstari mmoja mfupi unaouambia mtambo wa kutafutia: pita, ukurasa huu usiuweke kwenye orodha yako.

Mstari ule niliuweka mimi. Miezi kadhaa nyuma nilikuwa naujenga upya ukurasa wa Mzee, rangi mpya, picha mpya, na sikutaka watu waukute nusunusu. Ndiyo desturi: unauficha wakati wa ujenzi, ukimaliza unauondoa mstari. Nilimaliza siku ya Ijumaa. Sikuuondoa.

Nukta alirudi na vikombe viwili, akaweka kimoja mbele yangu. Alisimama nyuma ya kiti changu. Msimbo hakuujua kusoma. Ningeweza kuufuta mstari ule pale pale, kwa kidole kimoja, na kumwambia sioni kitu. Nakiri nilikifikisha kidole kwenye kitufe cha kufutia.

"Umenyamaza," alisema.

Nikamwonyesha. Nikamweleza unasema nini na ni nani aliyeuandika. Aliinama, akausoma herufi kwa herufi, midomo ikicheza, vile nadhani alivyokuwa akisoma majina ya marehemu gazetini.

"Ni huu tu?"

"Ni huu tu."

"Na mimi nimeandika maneno mangapi juu yake?"

Programu ilikuwa na hesabu. "Elfu nne na mia mbili na kidogo."

Alicheka, kicheko cha puani, kisicho na furaha wala hasira. Kisha akakaa kwenye meza yake akanywa chai yake yote, kikombe kizima, akiangalia dirishani. Mimi yangu ilipoa.

Bosi aliporudi tulimweleza pamoja. Nilisema mimi, yeye akasimama kando yangu. Bosi alikuna kichwa, akasema makosa hutokea, nashukuru mmeliona, ondoa huo mstari sasa hivi. Nikauondoa mbele yake.

"Ukurasa utarudi baada ya siku kadhaa," alisema. "Mzee tutamwambia kwamba maneno yameanza kufanya kazi."

"Lakini hayakufanya," Nukta akasema.

"Mama, mteja anataka simu zake. Atazipata. Historia yake ya nini?"

"Gazetini, tukikosea jina la mtu, kesho yake tulichapisha sahihisho. Ukurasa wa pili, chini, herufi ndogo. Watu watatu ndio waliosoma. Lakini tulichapisha."

"Hapa si gazetini," Bosi akasema, na hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaogopa kumpoteza mteja, na mimi sikuwa na uso wa kumlaumu. Ningependa kusema nilimpinga. Nilitazama viatu vyangu.

Saa sita mchana Nukta alichukua mkoba wake. Aliniuliza karakana ya Mzee iko wapi, ingawa anwani aliijua kuliko mimi. Nikaelewa swali lenyewe ni nini, nikavaa koti.

Tulikwenda kwa miguu. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichobanana kati ya duka la viatu na ofisi ya mwanasheria. Ndani kulikuwa na benchi, taa ya kuning'inia, na rafu zilizojaa vikopo vya skrubu, kila kikopo kina karatasi yenye jina. Upande mmoja wa sakafu ulikuwa mtupu, saruji ina alama za duara za kutu, mahali ambapo vitu vizito vilikaa muda mrefu. Mzee alikuwa anasafisha bobini, kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini, kwa kitambaa.

Nukta alianza, lakini nilimgusa mkono, nikasema mwenyewe. Nilisema kosa ni langu. Nilisema ukurasa wake ulikuwa umefichwa kwa mstari mmoja niliousahau, na kwamba maneno yote yale hayakuhusika. Mzee hakuacha kusafisha. Nilipomaliza, aliiweka ile bobini benchini, taratibu, ikasimama wima.

"Kwa hiyo watu walikuwa wananitafuta," alisema.

Niliitikia kwa kichwa.

"Mimi nilidhani wameacha. Nilidhani cherehani zimekwisha, watu wananunua nguo zilizoshonwa tayari, na mimi ni mzee nang'ang'ania tu." Alionyesha ile sehemu tupu ya sakafu. "Pale nilikuwa na mashine sita kuukuu. Chuma kizito, za kukanyaga kwa mguu. Nilizitunza kwa ajili ya vipuri, maana havitengenezwi tena. Mwezi uliopita nilimwita mtu wa vyuma chakavu."

"Hatuwezi kuzifuata?" niliuliza.

"Zimeshayeyushwa, kijana."

Alisema bila kupandisha sauti. Alituvutia viti, akatupa maji ya kunywa. Nilikunywa nikiangalia zile duara za kutu. Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu, na husema haraka ili wapite. Pale hapakuwa na pa kupita. Nilibaki nimekaa mbele ya mtu niliyemfanya aamini kwamba hahitajiki.

Nukta alikuwa ametoa daftari.

"Mzee, watu wanapokupigia, wanauliza nini kwanza?"

Mzee alifikiri. Kwanza huuliza kama anakwenda nyumbani kwa mtu, kwa sababu mashine ni nzito. Pili, kama anatengeneza za zamani. Tatu, itachukua muda gani. Nne, na hili huuliza wanawake wazee hasa, kama inafaa kutengenezwa au watupe.

"Na wewe huwaambia nini?"

Akamwambia. Nukta akaandika alivyosema, akakata hapa, akaunganisha pale, akamsomea. Mzee akasahihisha jambo moja: hafanyi kazi Jumapili. Haikufika nusu ukurasa wa daftari.

Tuliporudi niliyafuta maneno elfu nne na mia mbili, nikaweka yale machache, namba ya simu ikiwa mstari wa kwanza. Programu ilitoa sita. Nyekundu iliyoiva. Nukta alisogea akaitazama, akarudi kukaa.

Ukurasa ulirudi kwenye orodha baada ya siku kumi na mbili. Simu za Mzee zilianza tena, si nyingi kama za zamani, lakini zilianza. Siwezi kusema kwamba maneno machache ndiyo yaliyourudisha. Kilichourudisha ni mstari kuondoka. Ila Mzee aliniambia kwamba watu walikuwa wakipiga wakiwa wameshajua la kuuliza, na mazungumzo yamekuwa mafupi, na hilo alilipenda. Kwa dada yake Nukta, Mzee alikwenda mwenyewe, akaikalia ile cherehani asubuhi nzima. Alikuta jino moja la gurudumu la ndani limelika. Kipuri alikipata mwishowe kwa fundi mwenzake wa mji mwingine, baada ya wiki tatu, na kwa wiki tatu hizo dada alikaa bila kushona.

Bosi aligundua siku hiyo hiyo tuliyokwenda, maana Mzee alimpigia kumshukuru kwa uaminifu wetu. Siku ya nne aliweka mezani kwa Nukta orodha ya kurasa kumi na moja. Mabomba, magodoro, miwani ya jua.

"Hizi zifike kijani," alisema.

Nilidhani angekataa. Nilitaka akatae, nadhani, ili na mimi nipate pa kusimama. Lakini alikuwa na dada wa kumpeleka kliniki ya macho kila mwezi, na kazi za watu wa umri wake hazikai zikiwangoja njiani. Alishusha miwani akaanza na mabomba. Alichobadilisha ni kitu kimoja. Kila ukurasa, kabla ya maneno ya kujazia, aliweka juu kabisa mistari mitatu au minne ya kweli: tupo wapi, tunafanya nini, tupigie hapa. Baada ya hapo ndipo mabomba yalipoanza kuwa muhimu katika maisha ya mwanadamu. Bosi aliona, akaacha. Namba ilikuwa kijani.

Alifanya hivyo miezi minane. Ngazi zilianza kumshinda. Alipumzika ghorofa ya kwanza, akapumzika ya pili. Kisha akapata kazi kwenye zahanati moja karibu na kwao, kuhakiki majina kwenye kadi za wagonjwa ili mtu asipewe dawa ya mwingine. Siku yake ya mwisho ilikuwa Jumatano. Alimaliza ukurasa wa magodoro, akafuta meza yake kwa kitambaa, akamuaga Bosi, akaniambia nisiache kutazama kwenye kichwa cha ukurasa.

Bado niko pale. Mteja akilalamika kwamba amepotea, natazama ndani kwanza, kisha ndipo nazungumza. Nilimweleza Bosi kuhusu asilimia, mara mbili. Alinisikiliza vizuri. Lakini wateja wanapenda namba, anasema. Mtu ukimwambia "sijui, ngoja nichunguze" anaona umemrudisha mikono mitupu, ila ukimpa tisa, anaondoka na tisa yake. Namwelewa, kwa sababu nimeona jinsi Mzee alivyotulia siku ile.

Mwezi uliopita nilipita nyumbani kwao kuwasalimia, jioni saa kumi. Dada sasa haoni kabisa. Alinifungulia mlango, akanitambua kwa sauti, akaniwekea kidole mdomoni. Nukta alikuwa amelala kwenye kiti cha sebuleni, viatu vya kazini bado mguuni, miwani imepinda usoni.

"Amerudi sasa hivi," dada alininong'oneza. "Leo zilikuwa kadi mia tatu. Mwache."

Tukakaa jikoni, tukazungumza kwa sauti ya chini mambo ya kawaida, mvua, bei, miguu. Giza lilipoanza kuingia niliaga. Nukta alikuwa bado amelala.